Jinsi ya kutengeneza herufi ya jina kwa vikanda vya karatasi: mlima, bahari na khanga ndani ya M moja

Herufi ya jina ya kwilingi, yaani ile herufi kubwa ya kwanza ya jina la mtu inayojazwa vikanda vya karatasi vilivyoviringishwa, ni zawadi ambayo mtu akipewa anaitundika sebuleni na haiondoi tena. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuweka maisha ya mtu mle ndani, na shida yake iko hapo hapo. Mtu kwao Bukoba, anapenda mpira, anaimba kwaya, anapika vizuri, ana watoto wawili, basi unakuta herufi moja imebebeshwa senene, mpira, noti za muziki, sufuria na mioyo miwili, ukisimama mbali kidogo hata herufi yenyewe huioni. Kuviringisha karatasi utajifunza jioni moja tu. Kinachosumbua wengi ni kuchanganya mada ndio maana hapa nitakaa sana kwenye mchanganyiko, na vitu vya kawaida nitavipita haraka.

Tutatengeneza M. Nimeichagua kwa sababu ni ya shangazi yangu, aliyezaliwa Marangu, akaolewa Pangani, na khanga zake ukifungua kabati zinamwagika. Kwaiyo mada ni tatu, mlima, bahari na khanga, na kwangu mimi tatu ndio mwisho, ukizidisha hapo utatafuta nafasi mpaka uchoke.

Kila mada ipe kazi yake

Usianze kwa kuchora picha. Chukua kipande cha karatasi ujiulize kila mada itafanya kazi gani, kwa sababu mada tatu zikija zote kama picha zitagombania jicho la mtu. Kwenye hii M mlima na bahari ndio zinajaza herufi. Khanga haiingii ndani ya herufi kabisa, yenyewe inakuwa mpangilio wa ubao mzima: pindo linazunguka pembeni, mji unakuwa katikati na hapo ndipo M inakaa, na chini yake panakuwa na jina, kile kisanduku cha maneno. Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye khanga akiona tu huo mpangilio anaelewa bila kuambiwa.

Sasa mlima na bahari vinaunganishwa na nini? Hapa ndipo pa kufikiria sana, tafuta kitu kimoja ambacho kweli kinapita pande zote mbili, sio cha kulazimisha. Kwa shangazi ni maji. Maji yanayoshuka Kilimanjaro yanaingia mito ya Kikuletwa na Ruvu, inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kutoka hapo Mto Pangani unashuka kupita Korogwe na Hale kwenye mashamba ya mkonge mpaka unaingia baharini pale Pangani mjini. Yaani njia ya maji ndio njia aliyopita yeye mwenyewe kwenda kuolewa. Nilipoiona hiyo kazi yote ikawa nyepesi, maana kila swali la wapi niweke nini lilishajibiwa na mto.

Iangalie M sasa. Mguu wa kushoto ni mlima, chini mashamba na juu barafu. Mshazari wa kushoto unaoshuka ni mto na mkonge pembeni yake. Pale katikati chini panapochongoka ni mlango wa mto. Mshazari wa kulia ni mawimbi, na mguu wa kulia ni bahari, na juu yake tanga la ngalawa. Ukiiangalia hivyo ni kama ramani vile, maana Moshi iko magharibi na Pangani iko mashariki, kushoto na kulia zimekaa sawasawa.

Na kwa mwingine kitu cha kuunganisha kitakuwa tofauti. Mtu wa Kigoma anayeishi Dar, reli ya kati inapita pande zote mbili, herufi yake iwekee mataruma. Mtu wa Zanzibar aliyehamia Muscat ana pepo za kaskazi na kusi zilizokuwa zinapeleka majahazi na kuyarudisha, hapo mistari ya upepo ndio itakayotembea kwenye herufi yote. Muulize mtu, au waulize watu wa kwao, usibahatishe.

Jambo la pili la kuunganisha ni rangi moja ya kupita kote. Mi nimechukua nyekundu, kwa sababu kahawa ikiiva ni nyekundu, na khanga ya kisutu ambayo pwani ni khanga ya harusi ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwaiyo nyekundu iko kwenye punje za kahawa mguu wa kushoto, iko kwenye pindo, na iko kwenye mstari mmoja tu wa tanga kule kulia. Sehemu tatu, kidogo kidogo. Jicho linaruka kutoka moja kwenda nyingine na kazi yote inashikana.

Vifaa

Karatasi za rangi za A4 zenye uzito wa kama gramu 120, zile ngumu kidogo kuliko za fotokopi. Za fotokopi za gramu 80 zinaviringika ila zikipata unyevu zinalegea, na kwa zawadi inayokwenda kukaa pwani usizitumie. Rangi utakazohitaji: nyeupe, kijivu, kijani ya aina tatu (iliyokolea, ya kawaida, na ile ya mkonge inayoelekea kwenye kijivu), bluu ya aina tatu, nyekundu, nyeusi, na kahawia kidogo. Karatasi moja ya kila rangi inatosha na kubaki, bluu na nyekundu chukua mbili mbili. Nyeusi ya kuta za herufi chukua manila, iwe ngumu.

Ubao wa chini, hadibodi ya milimita 3, ile mafundi fremu wanayoweka nyuma ya picha, kata sentimita 40 kwa 30 ulale kama khanga inavyolala. Ubandike karatasi ya krimu juu yake. Watu wengine wanabandika kitambaa cha khanga chenyewe hapo chini, mi sishauri kabisa, maua yake yatameza kazi yako yote.

Kifaa cha kuviringishia kinauzwa lakini cha kutengeneza mwenyewe kinafanya kazi ile ile. Chukua sindano ya magunia, kata ncha ya juu ya tundu kwa plaizi ili tundu libaki wazi kama uma wenye meno mawili, upande mkali uuchomeke kwenye kijiti au kipande cha mbao laini uwe mpini. Ukanda unaingia katikati ya yale meno, unazungusha. Kama huna hiyo sindano hata kijiti cha mshikaki kilichopasuliwa ncha kwa wembe kinatosha kuanzia.

Gundi nyeupe ya mbao, sio ya maji ya shule inayolowesha karatasi na sio supaglu ambayo inaacha alama nyeupe na ukikosea haibanduki. Nunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, toa sindano yake, jaza gundi, hapo utapata tone dogo unalolitaka wewe, na ukimaliza ziba mdomo kwa pini. Vingine ni kibano cha nyusi, rula ya chuma, wembe mpya, pini za mshonaji, kitana cha nywele chenye meno ya nafasi, na rula ya maduara wanayotumia wanafunzi.

Kukata vikanda

Kwanza jua karatasi yako inapinda vizuri upande gani. Ishike ipinde taratibu bila kuivunja, upande mmoja, alafu mwingine. Kuna upande inakubali na kuna upande inagoma. Kata vikanda ili ukiviringisha uwe unafuata ule upande inaokubali, duara litatoka laini bila kona kona. Karatasi nyingi za A4 zinakubali zaidi vikanda vikiwa vya ule upande mfupi wa sentimita 21, ila we jaribu yako.

Vikanda vya ndani ya herufi viwe na upana wa milimita 5, na vya pindo milimita 3. Hii tofauti ni ya makusudi, herufi inasimama juu zaidi na pindo linabaki chini, kivuli kinajitengeneza chenyewe. Weka alama juu na chini kwa penseli, rula ya chuma, wembe, pitisha mara moja kwa nguvu kuliko mara tatu kwa woga. Wembe ukianza kuacha manyoya pembeni badilisha. A4 moja inakupa kama vikanda 59 vya milimita 5, kwaiyo usikate zote siku moja, kata unavyohitaji. Kama ofisini kwenu kuna shreda ya ile aina inayotoa nyuzi ndefu, nyingi zinatoa vikanda vya kama milimita 6 na vyote vinalingana, inaokoa muda, ila sasa kazi yote ya ndani itabidi iwe ya 6 na kuta nazo 6.

Maumbo utakayotumia hapa ni machache tu. Kibonge ni ukanda ulioviringishwa ukakaza mpaka mwisho ukabandika. Duara legevu ni ule ule, ila ukimaliza kuviringisha unauachia ufunguke ndani ya tundu la rula ya maduara alafu ndio unabandika mkia. Duara legevu ukilifinya upande mmoja ni chozi, ukilifinya pande mbili ni jicho, na chozi ukilipinda mkia kidogo ni korosho, ile ile korosho ya kwenye khanga. Ukanda wa sentimita 21 wa karatasi hii ukikaza unatoa kibonge cha kama milimita 6, na ukiachia kwenye tundu la milimita 12 unapata duara zuri la kutengenezea chozi. Gundi ya kubandika mkia ni tone la punje ya ulezi, basi. Ikizidi inang'aa na kila mtu ataiona.

Kusimamisha kuta za M

M iwe na urefu wa sentimita 16, upana 20, na miguu ya sentimita 3 na nusu. Iwe nene na isiyo na mapambo, zile herufi zenye mikia mikia zinachanganya na umbo la mlima. Ichore kwenye karatasi ya kawaida au uprinti, geuza nyuma paka penseli laini kote, iweke katikati ya ubao ila isogee juu kidogo kuacha nafasi ya jina chini, alafu pitia mistari kwa kalamu iliyokwisha wino. Alama inabaki kwenye krimu. Hakikisha ile ncha ya V inafika chini kabisa kwenye usawa wa miguu maana ndio mlango wa mto wetu.

Kuta ni vikanda vya manila nyeusi vya milimita 5 vinavyosimama kwa ukingo. Kwenye kila kona usipinde tu kwa vidole, pitisha kwanza mgongo wa wembe upate mfuo alafu kunja, kona itatoka kali. Kubandika ni hivi: sambaza gundi nyembamba sana kwenye kifuniko cha plastiki, gusisha ukingo wa ukanda kwenye ile gundi, kisha uweke juu ya mstari. Hapo gundi inakuwa sawa urefu wote na haivuji pembeni. Simamisha kwa pini pande zote mbili mpaka ikauke. Unganisha vikanda kwenye kona tu, usiunganishe katikati ya mstari ulionyooka kwa sababu kila maungio yanaonekana. Kwenye vipande virefu kuliko sentimita 21 itabidi ukate manila kwa upande wake mrefu, na kwa kuwa ukuta hauviringishwi wala haina shida.

Acha kuta zikauke usiku mzima kabla hujajaza kitu. Kama ni wakati wa masika na uko pwani hata zaidi, gundi inachukua muda.

Mto kwanza

Watu huwa wanaanza kushoto wanajaza kuelekea kulia, hapa hapana. Anza na kile kinachounganisha. Chukua vikanda vitano au sita kuanzia nyeupe, bluu nyepesi, bluu ya kati, na ushushe kwenye mshazari wa kushoto vikiwa vimesimama kwa ukingo, vikifuatana na kupindapinda pamoja. Kupinda ukanda bila kuuvunja unauvuta polepole kati ya kidole gumba na mgongo wa mkasi, ukivuta kwa nguvu unajikunja zaidi, ukivuta kidogo unapata mkunjo mdogo. Juu, pale kwenye ncha ya kushoto, vikanda vyote viwe vyeupe na vikae karibu karibu kwa sababu hiyo ni barafu. Vikianza kushuka, kimoja baada ya kingine kinapokelewa na cha bluu. Usibadilishe rangi zote mahali pamoja, mmoja ubadilike hapa, mwingine sentimita moja mbele, mwingine mbele tena, na mto wenyewe ubaki na upana wa kama sentimita moja na nusu ili pembeni pabaki nafasi ya mkonge.

Ukifika mlangoni chini, vile vikanda vifungue, viachane, nusu viendelee kupanda mshazari wa kulia vikiwa mawimbi. Hapa ndipo mada mbili zinapokutana na siri yake ni hiyo tu, usiweke mpaka. Kile kikanda kilichokuwa mto ndio hicho hicho kinakuwa bahari.

Mguu wa mlima

Kilimanjaro ukiupanda kutoka chini unapita mashamba ya migomba na kahawa, unaingia msituni, kisha vichaka na majani mafupi, kisha mawe matupu, kisha barafu. Mguu wa kushoto unafuata mpangilio huo huo kutoka chini kwenda juu, na ndio maana huhitaji kuchora mlima wenye pembetatu, rangi zenyewe zinapanda.

Chini kabisa sentimita 5 ni za kahawa na migomba, na hapa tafadhali usiwe na haraka maana ndio sehemu mtu atakayosogea kuitazama kwa karibu. Punje ya kahawa ni kibonge cha ukanda mmoja mwekundu. Kikishakauka mkia, kibonyeze katikati kwa kichwa cha kalamu ya mpira kiwe kama kikofia, alafu ndani kwenye shimo paka gundi ili kisirudi. Sasa ukiangalia tawi la kahawa la kweli, punje hazikai zimetawanyika, zinakaa vishada vishada pale jani linapotokea, na majani yenyewe yanatoka mawili mawili yakitazamana. Na kwenye kishada kimoja haziivi pamoja, kuna nyekundu, kuna inayoelekea njano, kuna mbichi ya kijani. Kwaiyo tengeneza vishada vitatu, kila kimoja punje nne au tano, na kwenye kila kimoja moja iwe ya kijani. Hiyo punje moja ya kijani itafanya mtu wa Marangu ajue kwamba aliyetengeneza anaifahamu kahawa. Majani ni macho ya kijani iliyokolea, yafinye pande mbili na uyapinde kidogo, jani la kahawa lina mawimbi pembeni halijanyooka.

Jani la mgomba unatumia kitana. Bandika mwanzo wa ukanda wa kijani ya kawaida, uzungushe kwenye jino la kwanza urudi, jino la pili urudi, la tatu, kila mzunguko unaukuza kidogo na kila ukirudi chini unaweka gundi kidogo. Ukitoa kwenye kitana unapata jani refu lenye mistari ndani, libane ncha. Mawili yanatosha, na moja liache litokeze nje ya ukuta wa herufi milimita chache, kwa juu ya ukuta. Vitu vichache vikivuka ukuta herufi inapata uhai, vikivuka vingi herufi inapotea. Kwenye M hii vitavuka viwili tu, jani la mgomba kushoto na ncha ya tanga kulia.

Juu ya hapo msitu ni machozi ya kijani iliyokolea yaliyobanana, ya ukubwa tofauti tofauti. Kisha vichaka, vikanda vya kijani na kahawia vilivyokatwa tamvua, yaani mikato mingi midogo ya ukingoni, na kuviringishwa vikasimama. Kisha mawe, vibonge vya kijivu vikubwa na vidogo bila mpangilio. Kisha nyeupe, ambayo inaungana na ule mwanzo wa mto uliokwisha kuuweka. Sehemu hizi nne za juu usizifanye kwa ufundi mwingi sana, zikiwa tulivu kahawa ya chini inaonekana.

Mkonge pembeni ya mto

Mkonge ni mmea wenye majani yaliyonyooka, magumu, yanayotoka kwenye shina moja kuelekea pande zote na kila jani lina mwiba mweusi kwenye ncha. Ulianza kupandwa huko Tanga mwaka 1893 na mpaka leo ukipita barabara ya Korogwe kwenda Muheza utauona umepangwa mistari. Kwa vikanda ni rahisi, kata vipande vya sentimita 3 vya ile kijani ya kijivu, vikunje katikati, bana ncha, ncha ziguse kwa kalamu nyeusi ya ncha nyembamba, kisha vipange saba au tisa vikitoka sehemu moja. Weka mashina matano matano kila upande wa mto, kwa mstari, sio kwa kutawanya, kwa sababu mkonge unapandwa kwa mstari. Na huo unyoofu wake unafanya mto uonekane unapinda zaidi. Kwenye kazi zote za kuchanganya mada mi napenda sana mahali ambapo kitu kimenyooka kinakaa karibu na kitu kilichopinda, zote mbili zinapendeza zaidi kuliko zikiwa peke yake.

Mguu wa bahari

Mshazari wa kulia ni yale mawimbi yanayopanda kutoka mlangoni, endelea na vikanda vya kusimama kwa ukingo, nafasi kati yao milimita 2 au 3, na hapa na pale mwisho wa ukanda uviringishe upate kikulabu cha wimbi linalovunjika. Mguu wenyewe upangie rangi za vikanda kwa kina: juu bluu nyepesi, katikati bluu ya kati, chini bluu iliyokolea kabisa. Mistari ya juu iwe na mawimbi mengi na ya chini inyooke inyooke, maji ya chini yametulia.

Samaki weka watatu, sio kundi zima. Mwili ni jicho la kijivu, mkia ni chozi dogo lililogeuzwa, na mmoja awe mkubwa kuliko wenzake. Waelekee upande mmoja, kuelekea mlangoni mwa mto.

Tanga linakaa ncha ya juu kulia. Ni pembetatu ya vikanda vyeupe vilivyosimama, sambamba, vikifupika kuelekea ncha, na ukanda mmoja tu katikati uwe mwekundu. Pinda vyote kidogo upande mmoja ili tanga lionekane limeshika upepo. Ngalawa yenyewe chini yake ni ukanda wa kahawia uliokunjwa tu, na kijiti kimoja cha pembeni cha matengo yake, maana bila matengo hiyo siyo ngalawa.

Ukimaliza hapo simama mita 3 nyuma. Unaisoma M kabla hujaona samaki na kahawa? Kama ndio, endelea. Kama jicho linakwama mahali, mara nyingi ni kwa sababu kuna rangi imewaka kuliko zingine au kuna pengo la krimu limebaki ndani ya herufi. Mapengo yazibe kwa vibonge vidogo vya rangi ya jirani yake.

Pindo na jina

Pindo ni upana wa sentimita 3 kuzunguka ubao wote. Vikanda vya milimita 3 vyekundu, korosho moja kisha kidoti cheusi, korosho tena, kidoti, zote zielekee upande mmoja. Kwa ubao huu zitaingia korosho kama 42, na kona nne weka ua la machozi manne. Pima kwanza kwa penseli kabla hujabandika, anzia kona kuja katikati pande zote mbili, ili kama kuna nafasi inayozidi isahihishwe katikati ambako haionekani sana. Ndani na nje ya pindo pitisha ukanda mweusi mmoja mmoja. Kazi hii inachosha lakini ndio inayoifanya iwe khanga, pindo likiwa la kubahatisha kazi nzima inaonekana haijaisha.

Jina usijaribu kuliandika kwa vikanda, herufi ndogo namna hiyo zinavimba na hazisomeki. Andika kwa mkono au uprinti kwa herufi kubwa zote, kwenye kisanduku cha sentimita 2 na nusu, kama khanga zenyewe zinavyoandikwa. Maneno yatoke kwa familia. Ya shangazi nimeandika MAJI YA MLIMA YAMEFIKA PWANI.

Fremu na kusafirisha

Usipake vanishi kabla hujajaribu kwenye vipande vilivyobaki, zingine zinageuza nyeupe kuwa ya njano na barafu yako imekwisha. Kioo kinalinda vizuri zaidi. Mwambie fundi fremu aweke vijiti vya mbao vya sentimita 2 kati ya ubao na kioo, kwa sababu akikubandikia kioo kama cha picha ya kawaida kitakandamiza kila kitu, na umwambie kabla hajakata, sio baadae. Nyuma pazibwe kwa tepu kuzunguka kote vumbi na hewa ya chumvi visiingie, na ndani, kwenye kona iliyofichwa na fremu, weka kile kipakiti cha kukausha unyevu kinachokuja kwenye boksi za viatu.

Itundikwe ukuta usiopigwa jua moja kwa moja, nyekundu na bluu za karatasi zinapauka haraka. Sio jikoni na sio ukuta unaopakana na bafu.

Kama inasafiri kwa basi, iweke ndani ya boksi ikiwa imesimama kwa ukingo, sio imelazwa, katikati ya mito miwili au nguo, na uipakate au iwe miguuni kwako. Buti ya basi hapana, hata kondakta akikuapia kwamba ataiangalia.